Miwani Chini ya Mtandio

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Uzi wa siku hizi ni mbovu. Tangu asubuhi hauingii kwenye tundu la sindano. Nimeulamba, nimeusokota, nimeukata kwa pembe. Apana! Na sindano zenyewe wanazitoboa vitundu vidogo kuliko zamani. Ubahili wa viwanda.

Nimeshona hapa Buyenzi tangu marehemu mume wangu Abdu angali na nywele. Macho yangu ni mazima kabisa. Lakini Mwanasiti, dada yake Abdu, wifi yangu, ambaye cherehani yake inatazamana na yangu kwenye baraza moja, leo ameniuliza mbele ya mteja kama macho yananiuma. Nikamjibu ni vumbi. Akasema mvua imenyesha jana. Mtu wa namna hiyo!

Najua anachotaka. Gauni la harusi la Khadidja, la Jumamosi hii, liko kwangu. Siku watu wakijua Zubeda haoni vizuri, wateja wote watahamia upande wa pili wa baraza. Hata jasho hawatatoka.

Nimepata akili. Nimewaambia wateja ni baraka mwenye nguo kutunga uzi kwa mkono wake mwenyewe. Khadidja amenitungia sindano zote za kwenye kikopo. Akanishukuru, masikini.

Jumanne, tarehe 9

Sindano za baraka zimeishiwa uzi kabla ya adhuhuri. Mpango mpya: miwani. Kwa siri! Si sokoni kwetu, bali supamaketi moja huko Kibenga, ambako wanauza miwani ya kusomea imetundikwa kama ndizi. Watu wa Buyenzi hawafiki kule. Na pesa nilikuwa nayo. Hilo nataka liandikwe, kwa hiyo naliandika.

Nikavaa ya kwanza. Allahu akbar! Nikasoma maandishi ya nyuma ya sabuni. Nikaona mikono yangu. Nikashtuka: ya nani hii? Nikaenda foleni ya kulipia nikiwa na furaha ya bibi harusi.

Mbele yangu, watu wawili tu, nani? Mwanasiti! Amesimama na kikapu, anageuza shingo kama kuku. Ningeiweka miwani mezani kwa mlipishaji, kabla ya alasiri Buyenzi yote ingejua. Basi nikaisukuma chini ya mtandio, juu ya utosi. Si kuiba. Kuahirisha kulipa. Ningerudi kesho, wallahi.

Nikatoka kwenye foleni, nikaelekea mlangoni. Mlinzi, kijana mmoja wa heshima, akanisalimia vizuri: “Shikamoo, mama.” Mimi nimelelewa. Huwezi kuitikia shikamoo shingo imekauka. Nikainama kidogo. Miwani ikashuka kutoka utosini mpaka puani, na kikaratasi cha bei kikaning’inia mbele ya mdomo.

Nilimwona mlinzi waziwazi, unywele mmoja mmoja wa masharubu. Alikuwa na huzuni kuliko mimi. Akaniuliza taratibu, “Mama, hii umelipa?”

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mwanasiti ikisema jina langu. Mara moja tu.

Meneja akaita polisi. Nikatoa pesa, zote, nikaziweka mezani. Akasema zilitakiwa kabla ya mlango, si baada.

Jumatano, tarehe 10

Naandika juu ya karatasi ya maandazi aliyoleta binti yangu Amira. Herufi kubwa kama za bango. Niko kwenye kasho ya polisi, upande wa wanawake. Godoro jembamba. Jirani yangu anakoroma kwa haki.

Afisa anayeandika kesi yangu anaitwa Sylvère. Mpole, ana mafua. Alinieleza kwamba wizi ni wizi hata kama kitu ni cha bei ya kuku, na kwamba kurudisha hakufuti, kunasaidia tu. Kwamba naweza kunyamaza. Kwamba naweza kutafuta wakili. Nilimwambia sihitaji wakili, nina maelezo matatu: upepo, usahaulifu, na jini. Achague. Akaniuliza upepo wa wapi ndani ya supamaketi. Nikamwambia wa mashine ya baridi. Akapenga kamasi muda mrefu sana. Nadhani alikuwa anacheka.

Mwishowe nikasema kweli. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu hakunipigia kelele.

Akaandika, akanipa nisome kabla ya kutia sahihi. Nikaisogeza karatasi mbali. Nikaileta karibu. Ukungu. Akangoja. Nikamwambia wino wake ni mbovu. Akanitazama, akavuta bahasha yenye namba ya kesi, akatoa miwani ile ile, na kikaratasi chake cha bei.

“Vaa, mama. Mutu hatiagi sahihi kitu asichosoma.”

Nimesoma kosa langu kwa macho ya kosa langu. Kila neno sawasawa. Nilipata dosari moja tu: umri. Ameandika hamsini na nane. Nikamwomba aandike hamsini na moja. Akanionyesha kitambulisho changu mwenyewe. Nikatia sahihi.

Kisha akanyoosha mkono, nikamrudishia miwani. Karatasi ikarudi ukungu. Hapo ndipo nililia, si kabla.

Alhamisi, tarehe 11

Amira amekuja na wali. Macho yamevimba. Ameniuliza kwa nini sikumwambia yeye, mwanangu wa pekee, kwamba sioni. Nikasema ninaona. Akainua vidole, akauliza vingapi. Nikamwambia huo ni utovu wa adabu kwa mzazi.

Halafu habari mbaya. Mwanasiti amelichukua gauni la Khadidja kutoka kwenye meza yangu!

“Mwizi!” nilipiga kelele. “Mwizi mukubwa!”

Kasho nzima ilicheka. Hata yule anayekoroma. Sikuona cha kuchekesha.

Kesho napelekwa parke, kwa mwendesha mashtaka. Sylvère anasema huyo mwendesha mashtaka akitaka anaweza kunipeleka mbele ya hakimu, na hakimu anaweza kunifunga. Nimemuuliza kama gerezani kuna cherehani. Akasema hajui. Usingizi hauji. Namfikiria Amira akiulizwa shuleni anakofundisha mama yake yuko wapi.

Ijumaa, tarehe 12

Niko nyumbani. Alhamdulillahi. Niandike kwa utaratibu.

Mwendesha mashtaka ni mwanamke, mdogo kuliko nilivyotarajia, anaitwa Bibi Elvire. Meneja wa duka alikuja. Amira alikuja. Na Mwanasiti alikuja, amevaa vizuri kama anakwenda kuolewa. Nikajua nimekwisha.

Bibi Elvire akamuuliza anajua nini. Mwanasiti akasimama.

“Huyu wifi yangu haonagi, bibi. Mwaka sasa. Akienda kuswali, mi nafumua mapindo yake, nashona tena, narudisha mahali pake. Siku ile kule Kibenga nilimuendea malineti, miwani ya kusomea, nimupatie kama zawadi. Nilikuwa naogopa atakataa.”

Nilitaka kukasirika. Mwaka mzima anagusa kazi yangu! Lakini hasira haikutoka vizuri. Nikatazama chini. Hata sakafu sikuiona.

Bibi Elvire akaandika muda mrefu. Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayepima kitambaa. Kitu ni kidogo. Kimerudi. Nimekiri. Duka halidai zaidi. Sijawahi kukamatwa. Kwa hiyo hanipeleki mbele ya hakimu: nitalipa faini, na faili itafungwa. Lakini jina langu linabaki kwenye vitabu vyao.

“Mara ya kwanza naangalia mutu, mama. Mara ya pili nitaangalia sheria tu. Umesikia?”

Nimesikia. Masikio yangu hayana tatizo. Meneja naye akasema nisikanyage tena dukani kwake. Nikamwambia bei zake ni kali hata hivyo. Amira akanivuta.

Faini amelipa Amira kwa mshahara wake. Tulipofika akanipikia uji, akakaa karibu nami mpaka nikamaliza bakuli.

Jumapili, tarehe 14

Harusi ilikuwa jana. Gauni lilimkaa Khadidja kama maji. Watu wakauliza nani ameshona. Mwanasiti akajibu kabla sijafungua mdomo: “Zubeda.” Mapindo yalikuwa yamenyooka sana. Ningeweza kuyanyoosha hivyo mwenyewe.

Miwani amenipa, ile aliyoinunua siku ile. Nimemkumbatia. Nililia kidogo, vumbi. Naivaa pazia la baraza likiwa limeshushwa. Mteja akija, naitupa ndani ya droo ya cherehani. Si lazima watu wajue. Amira anasema mtaa mzima unajua mpaka kesi yangu. Chumvi tupu.

Nimekuwa nikiyafikiria maneno ya Bibi Elvire. Mwanamke mwenye elimu. Mara ya kwanza anaangalia mtu! Maana yake, kama ni kwa haki, kila mtu ana ya kwake moja. Yangu nimeitumia kwa miwani ya plastiki, hasara kubwa, wakati kwenye safu ya juu kulikuwa na ya fremu ya dhahabu, ina mnyororo wa shingoni. Amira hafai, ni mwalimu. Lakini Mwanasiti! Hajawahi kukamatwa hata kwa kusema uongo. Sura ya kuaminika. Duka halijamkataza. Mara yake ya kwanza iko nzima, haijaguswa, anakaa nayo bure.

Kesho nitamwamkia mapema, na chai ya tangawizi.