Salamu za Mama Fidélie Zilizopitia Ulaya Kwenda Dilala

Musonoi, Kolwezi
Mwezi wa kumi na moja, mvua zimeshaanza

Kwa Tata Mkurugenzi,
Kampuni ya Mtandao ya Lualaba-Direct,
Dilala

YAH: NJIA YANAYOPITISHWA MANENO YA MKE WANGU

Tata Mkurugenzi mpendwa,

Kwa heshima zote nakusalimu wewe, mama wa nyumbani, watoto na wafanyakazi wako wote, hata yule mlinzi anayelala mlangoni pako na ambaye mara ya mwisho sikutaka kumwamsha. Nakuomba uketi vizuri kabla ya kuendelea, kwa sababu safari nitakayokusimulia ni ndefu sana, ingawa kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake ni mwendo mfupi wa pikipiki.

Mimi ni Tshilombo, mwalimu wa jiografia mstaafu. Nakaa hapa Musonoi na mke wangu, Mama Fidélie Mianda, katika nyumba ya matofali ambayo baba yake aliachiwa na kampuni ya zamani ya shaba, siku zile kampuni ilipoanguka na mishahara ikawa hadithi. Nyuma ya nyumba pana mwavokado, na nyuma ya mwavokado pana shimo la mgodi. Nilipooa, kati ya mti na shimo palikuwa na shule, kiwanja cha mpira na barabara tatu. Sasa wenye mgodi mpya wa kobalti wanasema shimo limetufikia, tuondoke twende kwenye viwanja walivyotukatia porini, upande wa Fungurume, ambako nimekwenda kuangalia na sikuona hata kisima. Asiyekubali, wakatuandikia kwa barua, apeleke neno lake kwa sauti, kwa mtandao, kwenye ofisi yao ya kuhamisha watu iliyoko Dilala. Na mtandao, Tata, ni wako.

Hapa kwetu mtandao, ambao sisi tunauita rezo, haushiki majumbani. Unashika juu ya kilima cha udongo ambao mgodi unamwaga, karibu na antena yao. Tunapanda kwa zamu, nyumba kwa nyumba, na king'ora cha baruti kikilia tunashuka wote mbio, hata kama mtu yuko katikati ya kuposa. Zamu yetu ilipofika, mke wangu alipanda amevaa kitenge cha kanisani, maana alikuwa anakwenda kuongea na mkubwa wa ofisi hiyo, naye ni Directeur, yaani mkurugenzi kama wewe. Mimi nilimshikia mwavuli. Alisema hivi, neno kwa neno:

«Jambo Tata Directeur. Ni mi Mama Fidélie wa ku Musonoi, bibi ya mwalimu Tshilombo. Habari ya kwako? Mama wa ku nyumba iko muzuri? Batoto banasoma muzuri? Batu ya kazi bote beko na afya? Mi nakuletea aksanti juu ya ile barua yenye ulitutumia, ulitufikiria. Mungu akubariki weye na kazi yako, akuongezee. Sasa Tata, juu ya mambo ya nyumba: hapana. Mi shiwezi kutoka. Baba yangu alitumikaka mu ile shimo mpaka mapafu ikaisha, nyumba njo mushahara yake. Mutafute kobalti pa ingine. Aksanti, bakia na Mungu.»

Akashuka ameridhika, tukala vizuri siku hiyo. Juma lililofuata ofisi ikatupa karatasi: Mama Fidélie amekubali kuhama, tena kwa shukrani na baraka.

Nilikwenda Dilala nikaomba kusikia. Kijana mmoja mpole alinisikilizisha. Sauti ya mke wangu iliingia safi, ikasalimu, ikashukuru, ikafika «Mungu akubariki weye na kazi yako, akuongezee», halafu kimya. Nikauliza mengine yako wapi. Akanijibu kwamba mashine yao husubiri kidogo tu, kisha hufunga mlango, na kilichokwisha kuingia ndicho kinachohesabiwa. Nikasema basi nitapinga hapahapa, kwa mdomo wangu. Akaniambia kupinga kunapokelewa kwa mtandao peke yake, ili kupunguza msongamano mlangoni. Mlangoni nilikuwa peke yangu. Akamaliza kwa kunishauri nilalamike kwako, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kutii wakubwa, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kuhusu safari yenyewe. Akram, kijana wa familia moja ya wasafirishaji wa mizigo, ana duka la simu hapa sokoni, naye alinionyesha kwenye kioo njia ambayo maneno yetu yanapita. Yanatoka Musonoi yanakwenda Lubumbashi. Yanavuka Zambia. Yanateremka mpaka Afrika ya Kusini, yanaingia chini ya bahari, yanatokea Ulaya, yanapumzika huko, yanarudi kupitia Kinshasa, ndipo yanaingia Dilala. Nilimwambia Akram amekosea ramani. Akacheka akanieleza kwamba mashine zako zinapima mambo mawili, bei na mbio, na kwamba anayelipa kidogo anapewa njia ndefu, kwa sababu hao wa ng'ambo wanakuuzia njia kwa jumla, kwa bei ya chini. Njia fupi ipo, inafuata barabara, lakini imewekwa kwa ajili ya mgodi. Mimi, Tata, niliomba viza ya Ulaya mara mbili katika maisha yangu ili nione mito niliyokuwa nafundisha, na mara mbili nikanyimwa. Kumbe mke wangu anakwenda huko kila anapomuuliza dada yake kama mihogo imekauka! Naomba basi, kama haki yetu ya chini kabisa, pasipoti yake igongwe muhuri.

2. Kuhusu mawe. Njia hiyo ya Zambia mpaka baharini naifahamu, maana ndiyo ya malori yanayobeba udongo wa shimo letu. Kwa hiyo mawe ya Musonoi na salamu za Musonoi husafiri pamoja, pengine hata hupungiana mikono pale mpakani. Tofauti ni kwamba sijawahi kusikia lori la kobalti limefika bandarini likiwa nusu, na mnunuzi akaambiwa nusu iliyofika ndiyo inayohesabiwa. Wataalamu wako watueleze namna ya kuyafunga maneno yetu kwenye magunia, kama hilo ndilo linalotakiwa. Magunia tunayo.

3. Kuhusu mahali mnapokata. Hili ndilo linaloniuma. Akram anasema maneno husafiri yakiwa yamekatwa vipande vipande, na njia ya bei ndogo ikijaa, mashine inapitisha vipande vya mbele na kuvifanya vya nyuma vingoje, na vikingoja sana hutupwa. Labda kuna nchi ambako mtu huanza na shida yake ndipo asalimu. Huku kwetu anayeanza na shida tunamwangalia usoni kuona kama ana homa. Kila mama wa Musonoi aliyepanda kile kilima alisalimu kwanza, akashukuru, akabariki, ndipo akakataa. Nimezunguka barabara yetu yote nikiuliza: wote wameandikwa kwamba wamekubali. Aliyesikika akikataa ni Kabemba mlevi peke yake, ambaye alianza na matusi, na nyumba yake imeachwa kando mpaka sasa ikisubiri mazungumzo. Ndugu yetu huyo amekuwa mwalimu wa barabara nzima. Watu wanakwenda kwake jioni kujifunza matusi, na nasikitika kukuarifu kwamba Mama Fidélie alijaribu mara moja, akaomba msamaha kabla hajaanza.

4. Kuhusu namna ya kutuhamisha. Baada ya kufikiri sana, mimi na mke wangu tumeona kwamba pengine tunakulaumu bure, na kwamba elimu yako inafaa kuenezwa. Ikiwa njia ndefu ndiyo rahisi, basi wenye mgodi wanapoteza fedha kwa kutukodishia lori la kwenda Fungurume moja kwa moja. Tunaomba nasi tupitishwe Ulaya. Nyumba ikatwe vipande kama mnavyokata maneno, kila kipande kishike njia yake: godoro lipitie Zambia, masufuria yapitie Angola, kabati na picha ya harusi viende na malori ya kobalti. Kwa kuwa Akram anasema mashine yako, kipande kikipotea, hutuma kingine mahali pake, hata kama mlango wa Dilala umeshafungwa, mkipoteza paa tutapokea paa jipya bila kinyongo. Mwavokado tunajua ni mzito. Upewe njia ya wanaolipa vizuri, na uwekwe upande wenye dirisha.

Na kwa kuwa Akram anasema ujumbe wa maandishi hausomeki mpaka vipande vyake vyote viungane, mimi na mke wangu tutakuwa kipande cha mwisho. Tutangoja hapahapa jikoni mpaka tusikie kwamba vingine vyote vimefika salama.

5. Kuhusu uzoefu wangu katika kazi hii. Usidhani anayekuandikia ni mtu mgeni wa mambo ya kupitishwa njia ya bei ndogo. Mwaka wa tisini na tatu, sisi wenye majina ya jimbo la Kasai tuliambiwa na wenyeji wa hapa turudi kwetu. Mimi nilizaliwa Kolwezi, na hiyo Kasai ya kwetu nilikuwa naifahamu kwa ramani ya ukutani tu, ile niliyokuwa nawafundishia watoto. Tulilala kwenye stesheni majuma na majuma tukingoja gari la moshi, mvua ikitunyeshea sisi na magodoro yetu. Lilipokuja tulipakiwa kama ilivyotokea, huyu behewa hili, yule behewa lile. Dada yangu Muamba alishikwa na kuhara njiani. Stesheni ya Kamina tulimteremsha amekwisha kufa, na gari halikungoja tumzike. Wakati Akram ananieleza habari za vipande vinavyotupwa pale njia inapojaa, alishangaa kuona mzee mzima analia katika duka la simu. Mahali pa Muamba hakutumwa mwingine, Tata.

Nilirudi Kolwezi baadaye, kwa miguu na kwa malori, kwa sababu msichana mmoja wa Musonoi alikuwa bado ananingoja. Nilifika nimechakaa, na watu niliokuwa nimewafundishia watoto wao waliangalia pembeni, maana kumsalimu Mkasai wakati ule kulikuwa na hatari. Baba yake Fidélie alifungua mlango wa nyumba hii ninayokuandikia, akatoka mpaka barabarani ambako wote walimwona, akaniuliza habari za safari, habari za mama yangu, habari za dada yangu Muamba. Aliniuliza yote hayo akiwa amenishika mkono, wala hakuharakisha. Ndiyo maana katika nyumba hii salamu hazikatwi, na ndiyo maana nyumba hii siitoi. Nafukuzwa mara ya pili katika maisha yangu, na safari hii nimeandikwa kwamba nimeshukuru.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: maneno ya wake zetu yapitishwe njia fupi walau siku moja. Kama bei haikuruhusu, yapelekwe kinyume, mwisho utangulie na mwanzo ufuate. Na kama hilo nalo ni gumu, mwandikie mwenye mgodi mstari mmoja tu kwamba kosa ni la njia. Tatizo hapa ni mwendo. Mtu akisikika mpaka mwisho, naamini ataeleweka, kwa sababu hakuna binadamu atakayesikia «hapana» ya Mama Fidélie yote nzima halafu akamletea tingatinga.

Barua hii namkabidhi Stany, dereva wa pikipiki, ailete mkononi mwako. Nilimuuliza kama atapitia Ulaya. Alisema mafuta aliyonayo hayatoshi, na kwamba yeye anaifahamu njia moja tu, ile ya kushuka kwa kanisa.

Nakutakia afya njema. Nisalimie mama wa nyumbani, watoto, wazee wako kama bado wapo, yule kijana mpole wa ofisi ya kuhamisha watu, na mafundi wote wanaopima bei na mbio. Mwambie mlinzi wako kwamba nimemkumbuka.

Wako katika uvumilivu,
Mwalimu Tshilombo
Musonoi, nyumba yenye mwavokado

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha hii, Stany amewasha pikipiki, pale simu ya mke wangu ilipolia dirishani jikoni, mahali ambapo rezo haijawahi kushika tangu simu zifike Musonoi. Wenye mgodi wameandika: «Nyumba yako inabomolewa kesho asubuhi. Toeni vitu.» Imefika nzima, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta. Akram yuko hapa, ameangalia saa ya kutumwa na saa ya kufika, anasema ni ileile. Haikuwa na salamu hata moja.

Kwa hiyo, Tata Mkurugenzi, nafuta malalamiko yangu yote, kuanzia la kwanza mpaka la tano, na nakuomba radhi. Njia yenu haina kasoro. Inafika mpaka jikoni kwetu, na ilikuwa inaweza kufika siku zote.

Mke wangu amesoma ujumbe huo, akaninyang'anya kalamu. Kwa muda wote niliokaa naye sijamwona akimwandikia mtu bila kumuuliza kwanza habari za nyumbani. Nimemkumbusha salamu. Amesema niache, na ameandika mwenyewe hapa chini:

Hapana. Mi shiwezi kutoka.
Fidélie