Malengelenge ya Boti ya Bi Noreen

Lachie Pruett alikuwa anatafuna pai ya nyama boti ilipoteremshwa kutoka kwenye lori, ndani ya yadi moja ya kutengenezea boti mjini Bundaberg, Australia. Tumbo la boti lilikuwa jekundu, jipya, linang'aa. Mwenye boti alikuwa mjane mwenye kofia pana, Bi Noreen Tadgell, aliyemweleza kila aliyemsalimu kwamba amechoka na bahari, anaiuza ahamie bara kwa binti yake. Lachie akaisokomeza pai mfukoni. Riziki imekuja yenyewe.

Kazi yake inayojulikana ilikuwa kukwangua na kupaka rangi matumbo ya boti. Ile isiyojulikana ilihitaji sindano na chupa ya siki. Boti za faiba zikikaa majini miaka mingi hunywa maji na kuota malengelenge, na lengelenge likitobolewa hutoa maji yanayonuka siki. Basi Bi Noreen alipokwenda kuoga, Lachie alijipenyeza chini ya boti, akadunga siki hapa na pale chini ya rangi hadi ikavimba, kwa upole wa nesi anayechanja mtoto.

Kesho yake akapita kama hana haja, akasimama ghafla, akavua kofia.

"Mama, sijui nikwambieje."

Akatoboa lengelenge moja, akampa anuse. Bi Noreen akashika kifua, akauliza kama boti itapona. Lachie akaeleza kwa masikitiko kwamba ugonjwa umeshaingia mifupani na hakuna atakayeinunua. Lakini yeye ana huruma, yuko tayari kuibeba maiti hiyo. Pesa hana, ana pikapu tu. Bibi alilia, akaibusu boti, akatia saini, akaondoka na pikapu akipunga mkono.

Lachie alicheka hadi kwenye mashine ya maji ya presha. Angeondoa vilengelenge vyake, apige rangi, auze. Akafyatua maji. Rangi ikabanduka mapande kwa mapande, na chini yake yakatokea malengelenge halisi, makubwa kama sahani, toka pua hadi usukani, mengine yamezibwa kwa saruji ya bafuni. Harufu ya siki ikaenea hadi wauza samaki ng'ambo ya barabara wakachungulia.

Merv Galea, meneja wa yadi, akaja mikono kiunoni. Akasimulia kwamba kabla ya kuleta boti, bibi alipiga simu kuuliza nani tapeli mkubwa hapa.

"Nikakutaja wewe. Nilidhani anataka kukukwepa."

"Kwa nini asitafute mnunuzi mwaminifu?"

"Nilimuuliza, wakati anaondoka. Akasema mwaminifu angeikagua boti. Tapeli anakagua uso wa anayemwibia, basi."

Lachie akaketi kwenye dimbwi, akacheka mpaka machozi. Akauliza bibi amepita njia gani. Mtu kama yule angefaa kufanya naye kazi.

"Kapanda basi," alisema Merv, na hapo akashindwa kuficha furaha yake. "Pikapu kaniuzia mimi pale getini. Bei ya kutupa."

Lachie, aliyejua unga wa mbao aliojaza kwenye giaboksi mbovu ya pikapu ile ili isipige kelele, aliacha kucheka, akaokota msasa, akaanza kukwangua.