Wapangaji wa Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Machi
Sijamwambia mtu: chini ya kitanda changu nina wapangaji mabilioni. Ndoo ya matope, kutoka mtambo wa kusafisha maji taka anakofanya kazi shangazi. Ijumaa ni maonyesho ya sayansi shuleni. Mwaka jana yule msemaji wa darasa letu tunayemwita Kasuku alishinda kwa mdomo tu. Mimi nikisimama mbele za watu, ulimi unaganda. Basi bakteria wataniongelea! Kijikaratasi cha kupimia maji kikibaki cheupe, maji ni safi, nimeshinda kimyakimya.

Shangazi anasema ni vikosi viwili. Cha kwanza kinataka hewa. Kinageuza amonia kuwa nitrati. Cha pili kinangoja hewa ikatwe, ndipo kiivunje nitrati, na nitrojeni itoke kwa mapovu irudi zake angani. Haya nilifundishwa kwa Kiingereza, nikafaulu mtihani. Leo ndipo nimeyaelewa.

Jumanne, 4
Zamu kwa zamu, kasisitiza shangazi. Lakini wakipewa hewa kutwa kucha, si watafanya kazi maradufu? Nimeazima pampu ya samaki wa kaka. Hajui.

Jumatano, 5
Amonia, hakuna! Nitrati, kijikaratasi chekundu kama pilipili. Nilikipeleka shule, Kasuku kakichungulia, kauliza kama siku hizi nauza rangi ya mdomo. Nimekirudisha mfukoni. Shangazi kacheka: zima pampu, mwanangu, wape na chakula, sukari kijiko kimoja.

Kijiko! Kwa mabilioni! Nimetia kikombe. Kifuniko nimekikaza kwa mkanda.

Alhamisi, 6
Asubuhi: cheupe! Cheupe pe! Hawana macho, hawana kiranja. Nani huwaambia zamu imefika? Nimekitazama mpaka nikasahau chai. Nikakaza tena kifuniko.

Saa kumi jioni kikaruka. Matope darini, kwenye shuka, kwenye sare. Shangazi kaja kunisaidia kufuta kabla mama hajarudi. Kasema mapovu lazima yapate pa kutokea. Niongeze matope mapya, kifuniko nikilegeze. Kasema pia nimemweleza nusu saa bila kukwama, kwa hiyo kesho nieleze mwenyewe.

Nieleze? Thubutu.

Ijumaa, 7
Nimewaza usiku kucha. Kosa halikuwa sukari. Kosa ni kifuniko chepesi. Nimetia vikombe viwili, nimekikalia mwenyewe. Ndoo inanguruma. Inaninyanyua kidogo! Jikoni mama anauliza nani kamaliza sukari. Kaka anaapa si yeye, na mbona samaki wake wanahema juujuu? Nyayo, za watu wawili, zinakuja chumbani kwangu. Nikiinuka nifiche daftari, kifuniko kitaruka. Basi na lenyewe nalikal—