Migongano ya Makusudi

Jumanne, tarehe 4 Machi

Amekuja! Fundi amekuja nyumbani kwetu! Amekalia kile kiti chetu chenye mguu uliolegea, wala hakulalamika.

Muda wote huu nilikuwa namsikia tu. Mimi nauza viatu duka la chini, yeye anatengeneza kompyuta ghorofa ya juu, na kiti chake cha ofisini chenye magurudumu kikisogea, dari yetu inanguruma. Hadi dirishani, kisha kurudi mezani. Wateja hudhani ni mvua. Mimi huinua uso, kiatu cha mtu mkononi, nikasahau namba aliyoniambia.

Leo sababu imejileta yenyewe. Shemeji, mume wa dada, alikuwa dereva wa malori mpaka mgongo ukamtupa. Sasa anaendesha malori ya kwenye gemu, mto nyuma ya kiuno, kutwa nzima. Ameongeza modi, yaani vile viongezo ambavyo watu hutunga wenyewe kuibadilisha gemu: moja ya mvua, moja ya barabara za vumbi. Zikagombana. Lori likazama barabarani kama biskuti kwenye chai. Shemeji akapiga kelele, mimi mbio kumwita Fundi.

Akafungua programu aliyoiandika mwenyewe. Anaiita Mpatanishi. Inapanga modi zote kwenye kioo, na zile zinazogombea faili moja zinawaka nyekundu. Unachagua ipi itangulie, ipi ipishe. Nyekundu inageuka kijani. Nikamuuliza anajuaje ya kupisha. Akasema hujiuliza ni ipi ikiondoka ataikosa zaidi.

Kisha akaondoka yeye. Nyumba imenipwaya.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimewaza. Modi zikigombana, Fundi anakuja. Basi zigombane!

Shemeji alipokwenda kukandwa mgongo, nikaingiza mvua ya pili. Jioni lori likapaa. Likapaa kweli, na shehena yake ya saruji! Fundi akafika chai haijapoa. Nilikaa kando yake nikitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Ana kovu dogo kwenye kidole gumba. Nimelitazama mpaka macho yakaniuma.

Akaniuliza mimi napenda gemu gani. Nikasema hii hii. Akauliza breki ni kitufe gani. Nikasema inategemea mteremko.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Balaa. Fundi amemwachia shemeji ile programu na kumfundisha kuitumia!

Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinavaa miwani. Asubuhi nimeweka modi ya theluji. Nimerudi mchana, kijani. Nikaongeza ya mafuriko. Jioni, kijani. Shemeji akaniambia, bila hata kugeuka, kwamba kumbe kazi yenyewe nyepesi, hakuna haja ya kumsumbua tena binti wa watu. Nimekitazama kisogo chake kwa chuki.

Dukani dari imenguruma siku nzima. Nimemuuzia mzee mmoja viatu viwili vya mguu wa kushoto. Amerudi anachechemea, na Mwenye Duka amenisema mbele ya wateja. Sikusikia vizuri. Nilikuwa nasikiliza juu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nusu shari nimeichoka. Leo nimeimwagia gemu kila modi niliyoikuta mtandaoni, kisha Mpatanishi mwenyewe nikamfuta. Hesabu yangu: hapo Fundi atakaa siku nzima!

Sikujua jambo moja. Shemeji alikuwa anatunga modi yake. Barabara yake, ile aliyoiendesha kabla ya mgongo, ameichora kutoka kichwani, kona kwa kona, mpaka kituo cha mafuta chenye taa moja mbovu. Imepotea yote.

Hakupiga kelele. Amelala kageukia ukuta. Dada akaniuliza kama umeme ulikatika. Nikasema labda. Chakula kimenishinda.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Fundi amekuja, na leo ni siku yake ya kupumzika. Amemrudisha Mpatanishi, kisha amechimbua mpaka akaipata barabara kwenye nakala ya zamani. Limebaki daraja moja tu, bado linagombana na mto. Shemeji akaipapasa ile taa mbovu kwenye kioo kwa kidole. Akavua miwani, akajifanya anaifuta, kumbe anafuta macho.

Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba modi hizi huingia kila yeye akitoka, na paka hatuna. Dada akaniangalia. Fundi akaniangalia. Mimi nikaangalia soketi.

Nikamsindikiza Fundi hadi getini. Akasimama.

"Gemu yenyewe huichezi," akasema.

Akanisimulia kwamba utotoni, baba na mama yake walinuniana ndani ya nyumba moja, na yeye ndiye aliyepeleka maneno. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako sina njaa. Ndiko jina la programu lilikotoka.

"Nimechoka kukaa katikati. Mtu akiwa na neno na mimi, aniambie mimi."

Akasubiri. Alisubiri kweli! Neno nilikuwa nalo, liko kwenye ncha ya ulimi, limeoga na kuvaa. Nikafungua kinywa. Nikamwambia lile daraja bado ni jekundu.

Akasema haya. Geti akalifunga mwenyewe.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimemwomba shemeji radhi. Adhabu yangu: kuendesha lori kwenye barabara yake, yeye akinielekeza. Nimegonga kituo cha mafuta. Amecheka mpaka mgongo ukamkumbusha. Kisha akaniambia ngazi za pale dukani ni ngazi tu: panda, sema, shuka.

Nimepanda. Mkono ukagoma kubisha hodi. Ndani kiti kikanguruma kuja upande wa mlango. Nikashuka kama mwizi wa kuku.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimekoma! Sitaharibu tena kitu cha mtu, wala sitadanganya. Alichosema Fundi kimeniingia. Mambo ya kuzungukazunguka basi.

Ila mikono mitupu haibishi hodi. Kwa hiyo nimenunua kompyuta yangu mwenyewe, kuukuu, pamoja na gemu ya meli. Nimeipakia modi mpaka ikaanza kukohoa. Kwa mkono wangu sijagombanisha hata moja. Zimegombana zenyewe! Kioo chote nyekundu, na ni nyekundu ya halali.

Kesho asubuhi nampandishia. Ataniuliza tatizo ni nini. Nami, kwa mara ya kwanza, nitamwambia ukweli mtupu: sijui.