Mito Yangu Kwenye Ramani ya Simu

Jumatatu, 3 Machi

Kidoti ameingia ndani ya foronya sasa hivi. Mwili mzima! Kimebaki kichwa tu, na sufi imemganda kwenye kope kama mtu aliyeamkia mawinguni. Amenitazama, akapiga chafya, akacheka peke yake. Nimeshindwa kumgombeza. Nimembusu kipaji cha uso, nimekula sufi.

Niandike upesi kabla mwanangu hajazua lingine.

Mama mkwe ameongea nami leo. Ameongea kwa upole, ndiyo maana nimeogopa. Amesema chumba cha mbele ni chake, alinipa nishonee mito tangu mwaka jana, na tangu mwaka jana wateja ni walewale: jirani wa kushoto, jirani wa kulia, na yeye mwenyewe. Shemeji yangu anatafuta pa kuweka matairi yake. Basi nimepewa hadi Jumapili ya tarehe 16. Wateja wapya kumi, watu ambao yeye hawajui. Wakitimia, chumba changu. Wasipotimia, matairi.

Matairi! Humu ambamo jua la asubuhi likiingia dirishani sufi yote inang'aa na kuelea, na mwanangu analala katikati yake na mdomo wazi!

Nimekwenda kwa kinyozi, yule jirani wa kulia. Kasema siku hizi watu hawatafuti duka kwa macho, wanatafuta kwa simu. Tukaandika "mito" kwenye simu yake. Katokea nani? Bwana Povu! Yule muuza magodoro wa ng'ambo ya barabara. Wa kwanza kabisa, nyota tano, kapiga picha amekumbatia mto wa sponji kama mtoto wa kumzaa. Sisi hatumo. Kwenye ramani, nyumba yetu ni kiwanja kitupu.

Mwaka mzima naishi kwenye kiwanja kitupu na sina habari.

Jumatano, 5 Machi

Tumo! Kinyozi kanifungulia ukurasa wa duka huku mteja wake akisubiri na nusu kichwa. Mito Laini ya Mama Kidoti. Alama nyekundu imesimama juu ya paa letu. Nimeitazama mpaka chai imepoa. Nikawaona watu wa mbali, simu mkononi, wanaifuata alama yangu taratibu. Nikawaona wanarudi makwao, barabara nzima, kila mtu na mto kifuani, wanatembea huku wanasinzia kidogo, na hakuna anayepiga honi.

Nikashtuka. Kidoti alikuwa anakula uzi.

Nimetafuta "mito" tena. Tuko wa kumi na mbili! Bwana Povu wa kwanza. Kinyozi anasema shida ni nyota, inabidi watu wanisifie.

Watu wa kunisifia ninao. Nina ukoo.

Ijumaa, 7 Machi

Niliwaomba wote wanipe nyota. Sikusema ngapi. Nani angewaza?

Shangazi kaanza. Kaandika kama barua: hamjambo nyote, sisi huku wazima ila goti, mito ya binti yetu ni laini mno, ukiilalia unasahau uliyegombana naye, mwambieni anipigie, tangu mtoto aote jino yuko kimya. Chini yake nyota moja.

Nikampigia mbio. Shangazi, nyota moja? Akanishangaa. Akasema darasani yeye alikuwa wa tano kila muhula na alichapwa kila muhula. Wa kwanza ndiye bora. Hawezi kumpa mtoto wa kaka yake tano mbele za watu! Tena kawaelewesha na wenzake wasije wakakosea.

Kawaelewesha kweli. Watu kumi na mmoja. Mjomba kaandika "Hakuna kama hii duniani," nyota moja. Binamu kaandika analia kwa furaha, nyota moja. Kuwaambia wabadilishe siwezi, wamefurahi mno.

Sasa tuko wa ishirini na tisa. Bwana Povu kavuka barabara makusudi kunipa pole. Kaniambia shemeji, mambo ya mtandao yana wenyewe. Shemeji! Tangu lini? Kisha kamfinya Kidoti shavu. Kidoti kamng'ata kidole. Nimempa biskuti mbili, na ya tatu baadaye nilipokumbuka sura ya Bwana Povu.

Jumatatu, 10 Machi

Wazo limenijia nimelala chali juu ya rundo la sufi, Kidoti juu ya tumbo langu, wote wawili tunapanda na kushuka kwa pumzi zangu. Mito na magodoro tumejazana. Lakini nikitoka kwenye foleni hiyo nikasimama kwenye nyingine?

Nikatafuta "gesti". Mtaa wetu hauna hata moja!

Sasa, nani anauwaza mto kuliko mtu aliye mbali na kitanda chake? Atatafuta gesti, ataniona mimi, wa kwanza, peke yangu. Atanunua mto, aende nao gesti yoyote aipendayo.

Nimebadilisha mwenyewe bila kinyozi. Aina ya biashara: gesti. Dakika mbili tu! Shule niliacha mapema, lakini akili nilitoka nayo.

Jumatano, 12 Machi

Wamekuja! Saa nne asubuhi mama mmoja, mabinti wawili, na sanduku lililobakiwa na gurudumu moja. Akauliza vyumba viko wapi. Nikamwambia dada yangu, vyumba hatuna, ila mito ipo. Akanitazama. Akasema wako njiani tangu jana. Binti mdogo akaegemeza shavu kwenye mto na kusinzia amesimama. Mama akajaribu kumbandua, ikashindikana. Akanunua, kwa hasira, lakini akanunua. Mteja mpya wa kwanza.

Mchana kaja dereva wa lori. Huyu hakuuliza chochote. Kavua viatu, kajitupa kwenye mito, kalala. Kidoti kambandikia sufi kwenye masharubu, ikawa inaruka kila akipumua na kurudi palepale. Nje mtaa umetulia, jua limejaa chumba, cherehani imenyamaza. Nilikaa nikamtazama mtu anavyopumzika kwenye kazi ya mikono yangu. Sikujua kama nilikuwa macho.

Mama mkwe ndiye aliyenijulisha. Kaingia, kaona soksi za kiume. Kelele! Kauliza mwanawe aliye kazini mbali ataambiwa nini. Dereva kaamka, kapiga magoti, kamwita mama mzazi, kasema tangu aanze kuendesha hajawahi kulala hivi. Kanunua miwili ya kwenye lori. Nikasema kwa sauti ya chini: mama, si humjui huyu? Basi ni mteja mpya. Kafikiri sana. Kakubali. Wawili.

Jumamosi, 15 Machi

Madereva wenzake wamefika! Sita, kila mmoja kanunua. Wanane jumla!

Na wengine waliofika hawakununua. Mzee mmoja alitaka funguo za chumba. Maharusi walitaka chumba cha kutazama bustani. Niliwaonyesha dirisha. Wameondoka hawanisemeshi.

Jioni ujumbe: ukurasa umefungwa, hapa si gesti, kuna mtu ametoa taarifa. Alama nyekundu imetoweka. Nikachungulia nje. Bwana Povu alikuwa mlangoni kwake ananipungia mkono, taratibu, na simu mkononi.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi yote hajaja mtu. Nimekaa mlangoni na Kidoti mapajani, kila anayepita tunamtabasamia. Mmoja karudi nyuma, kumbe kasahau kofia kwa kinyozi.

Adhuhuri mama mkwe kahesabu kwa vidole. Wanane. Nikamwambia dereva alinunua miwili, ahesabiwe watu wawili. Kasema mtu ni mmoja hata akinunua duka zima. Nililia. Yeye kakaa kwenye rundo la mito "apumzishe mgongo", na mgongo ukapumzika mpaka saa nane. Alipoamka kasema wanane si kumi, lakini si sifuri. Tugawane chumba. Matairi ukutani, mimi dirishani.

Dirishani! Kwenye jua! Nimemkumbatia mpaka kasema namvunja.

Matairi yameshaletwa, kumi na manne. Kidoti amelala ndani ya moja, nimemtandikia sufi.

Nimejifunza. Uongo mtandaoni haulipi. Kuanzia leo ukweli mtupu. Na ukweli ni kwamba humu ndani kuna matairi, kila mtu anayaona. Kwa hiyo baada ya chakula nimefungua ukurasa mpya. Aina ya biashara: gereji. Mtaa wetu hauna hata moja! Na mtu anayengoja gari lake atahitaji pa kuegemeza kichwa. Najiona tayari, magari yamepanga mstari, madereva wamelala usingizi mzito, na

Mama mkwe ananiita. Anasema nitoke haraka, kuna gari limevutwa kwa kamba mpaka mlangoni, linatoa moshi, na mwenyewe anasema simu yake ndiyo imemwambia alilete hapa.