Maoni Yangu Kwenye Ubao wa Khadidja

Jumatatu, 4 Februari 2002

Moyo umeruka tena asubuhi. Daktari anasema nisinyanyue kitu, nisikimbie, nisikasirike. Yaani nife polepole. Padri Maxime, niliyemfundisha sarufi akiwa hana meno ya mbele, atakuja kuniungamisha kabla ya Jumatano ya Majivu. Basi naandika dhambi zangu kwa mpangilio, nisije nikababaika. Naandika kwa Kiswahili cha vitabu. Christa, mke wa mwanangu, anajua kile cha sokoni. Akikutana na neno "ilhali" hukata tamaa.

Dhambi ya kwanza: wivu.

Khadidja ana ukumbi wa video mtaa wa Buyenzi, ng'ambo tu ya kwetu Bwiza. Wiki ya tatu sasa anaonyesha filamu ileile. Wezi wanataka kumteka tajiri, wanamteka mpishi wake. Mpishi anawapikia vizuri mno, hawataki tena kumrudisha. Kisha wajinga hao wanajifungia stoo pamoja naye! Mlangoni pa ukumbi kuna ubao. Kila siku Khadidja huandika kwa chaki maoni ya mtazamaji mmoja, wapita njia wavutike.

Leo tena ya Shakuru, fundi wa magari: "Mi nilicheka mpaka nikarudi kwangu na kiatu ya mutu mwingine."

Haya ndiyo maoni? Mimi nilimpa kurasa nne, zenye utangulizi! Leo nimeziona. Khadidja anazitumia kufungia karanga. Shakuru alikuwa akitafuna juu ya hoja yangu ya pili.

Nilikuwa mkaguzi wa shule. Niliandika ripoti maisha yangu yote, sijui hata moja iliyosomwa. Kabla sijafa nataka kuona maoni yangu kwenye ubao ule, na jina langu chini yake. Ni hilo tu.

Jumanne, 5 Februari

Nimezifupisha kurasa nne kuwa sentensi moja. Kazi ya usiku kucha! Khadidja aliisoma akaishiwa pumzi katikati. Akasema, "Mwalimu Astère, watu wanapita hapa na haraka. Niambie tu: ulicheka ao haukucheka?"

Nikamjibu kwamba kicheko si hoja. Akaniuzia karanga.

Jumatano, 6 Februari

Hila. Nimempa Léoncie, muuza ndizi wa mlangoni pa ukumbi, maoni yangu ayatoe kama yake. Nikamfundisha mpaka akayashika kwa kichwa. Khadidja akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza mpishi kwenye filamu ni mwanamume au mwanamke. Léoncie akasema ni mwanamke, tena mwenye heshima zake. Kumbe miaka yote anauza ndizi akiwa ameupa ukumbi mgongo!

Shakuru alicheka hadi akaketi kwenye tairi. "Muzee, we ni hatari!" Kesho lazima ataandikwa tena.

Alhamisi, 7 Februari

Kaandikwa.

Nimewaza kitandani. Jumamosi mchana ukumbi hujaa, na filamu ikiisha Khadidja husimama mlangoni kuuliza maoni. Shakuru ndiye hufungua mdomo kwanza. Wengine wote huishia kumcheka yeye. Je, Shakuru asipokuwepo? Kwa muda wa saa tatu tu. Simdhuru. Namhifadhi.

Mungu anisamehe, ni wazo zuri.

Ijumaa, 8 Februari

Nina stoo ya makaa nyuma ya nyumba. Ndani yake imelala Vespa yangu ya ujana, haijakohoa tangu enzi za mfalme. Fundi gani atakataa kuiona? Tatizo: mikono yangu haina nguvu ya kusukuma komeo la nje. Nikalipaka mawese, nikalifunga kamba. Sasa mlango ukigonga tu, komeo linaanguka lenyewe. Nimejaribu mara nyingi. Linaanguka kama mtawa kwenye sala! Wale wezi wa kwenye filamu wangekuwa na mtu aliyesoma, filamu ingeisha mapema.

Jumamosi, 9 Februari



Shakuru alikuja baada ya sala ya adhuhuri. Alipoiona Vespa alivua kofia. "Wallahi, muzee, ulimuficha huyu bibi harusi hapa?" Akapiga magoti kwenye makaa. Nilitakiwa kusema naenda kuleta maji, nitoke. Lakini akaniomba nimshikie tochi. Akasema mikono ya mtu aliyesoma haitetemeki. Nani angekataa?

Upepo wa mvua ukaja. Mlango ukagonga. Komeo likaanguka lenyewe. Kazi safi kabisa.

Nikapiga kelele. Mvua juu ya mabati ikapiga zaidi. Christa alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Shakuru hakujali hata kidogo. Alifungua injini akaimba. Nikaona bora niungame. Nikamwambia yote: ubao, karanga, komeo. Akaweka spana chini. Kisha akauliza, kwa heshima, kama nilikuwa nimemteka. Nikasema ndiyo. Akauliza sasa ni nani amemteka nani. Akacheka hadi tochi ikamwangukia mguuni.

Mvua ikakatika jioni. Hapo tukamsikia Mwanne, mke wake.

Alikuwa barabarani, anaita jina lake. Hakuita kama mtu anayemtafuta mume aliyechelewa. Katika mji huu wa vita, mwanamume asiporudi jioni, hatuulizi amepitia wapi. Tunauliza alisimamishwa kwenye kizuizi gani cha askari. Sauti za wanawake wengine zikaungana na yake. Shakuru akaacha kucheka. Akaupiga mlango kwa bega, tena na tena. Komeo langu halikutikisika. Nilitamani ningelitengeneza vibaya.

Akairudia Vespa. Akapiga kiki. Ikakohoa. Akapiga tena, ikawaka, ikalipua moshi kwa mlio kama bunduki. Mtaa mzima ukalala chini! Baadaye nimeambiwa hata mbwa walilala. Tukabaki tunakohoa gizani, Shakuru akibonyeza honi, mimi nikipiga mabati kwa fimbo, hadi Christa alipokuja akitambaa na kuliinua komeo kwa kidole kimoja.

Mwanne alimshika Shakuru usoni, akamgusa mikono, moja baada ya nyingine. Kisha akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Muzee, we unajua hii muji."

Nilifundisha hata historia kabla ya kuwa mkaguzi. Naujua.

Jumapili, 10 Februari

Kitandani. Christa haongei nami. Anaziongelesha sufuria, kwa sauti. Nimemwomba anipeleke kwa Mwanne. Nikaenda nikiegemea bega lake, nikasema nimekosa, bila utangulizi. Mwanne aliendelea kuchambua mchele. Halafu akanisogezea kiti, akasema nikae pale anaponiona. Nimekaa mpaka chai. Alitia sukari nyingi. Nadhani ni msamaha.

Jumatatu, 11 Februari

Christa alirudi sokoni anajiuma midomo. Nikamlazimisha aseme. Akasema nijionee mwenyewe. Nikaenda.

Watu wamejaa mbele ya ubao wa Khadidja, wanashikana mabega kwa kucheka, kisha wanaingia. Karatasi moja ya karanga ilikuwa imebaki. Khadidja ameinakili hoja yangu ya pili ubaoni, neno kwa neno:

"Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kujifungia ndani pamoja na mateka wake. — Mwalimu Astère."

Jina langu! Kwa herufi kubwa! Ameruka nukta ya mwisho, nimeiweka kwa kidole. Nilisimama hapo hadi miguu ikakataa. Shakuru akanipigia saluti. Sasa naweza kufa.

Jumanne, 12 Februari

Padri Maxime amekuja. Nikaungama kwa mpangilio. Kwenye komeo alifunika uso kwa stola yake ya shingoni, nikadhani analia. Kwenye kiki ya Vespa aliniomba nirudie. Nikatubu kuhusu Mwanne, kwa moyo wote. Hilo litabaki nami hadi kaburini. Akasema ili aupime uzito wa dhambi iliyobaki inambidi aione hiyo filamu. Akaondoka kwa haraka isiyo ya kipadri.

Jumatano ya Majivu, 13 Februari

Nimepakwa majivu. Kumbuka, ewe mwanadamu, u mavumbi. Nimekumbuka. Nikapitia Buyenzi, niuone ubao wangu.

Umefutwa! Mahali pangu pameandikwa: "Nilicheka hadi nikamshukuru Mungu kwamba Kwaresima inaanza kesho. — Padri Maxime."

Kijana niliyemfundisha mimi mahali pa kuweka mkato!

Daktari alisema nisikasirike. Sijakasirika. Nimetuma salamu parokiani kwamba Vespa yangu imefufuka na inahitaji baraka, Jumamosi, baada ya adhuhuri. Iko stoo, haisogezeki. Nimetia komeo mawese mapya. Na safari hii tochi nitaitundika msumarini.