Watu Wengi, Surua Kidogo

Jumatatu, 9 Machi
Surua tena Bunia! Daktari Josaphat ametangaza kwamba mhamasishaji wa afya mwenye eneo bora atapewa pikipiki. Mimi na Godelive, mhamasishaji wa eneo jirani, tulitazamana kama kuku wawili juu ya punje moja. Wagonjwa wangu thelathini, wake thelathini. Sare! Daktari akasema idadi peke yake haisemi kitu, lazima igawanywe kwa wakazi. Godelive ana wakazi wengi, kwa hiyo mbaya ni mimi. Nimerudi kwa miguu, matope hadi magotini. Kupunguza wagonjwa ni kazi. Kuongeza watu, je?

Jumanne, 10
Nimehesabu nyumba kwa nyumba. Bunduki zimenyamaza kidogo, wakimbizi wa Djugu wamejaa kwa ndugu zao, nani atabisha? Wala sikuhitaji kudanganya! Ukiwauliza watu wa huku wako wangapi, wanajua maturubai ya msaada yanakuja. Mama Monique, mwenye watoto watatu, alitaja kumi na mmoja, akiwemo shangazi aliyebaki kijijini Kpandroma. Kisha akamkumbuka mumewe, tuliyemzika mwaka jana. "Andika na muzee. Ye pia iko mutu." Nimemwandika.

Jumatano, 11
Wakazi mara tatu! Surua yangu sasa ni ndogo kuliko ya Godelive. Nimemwahidi mke wangu Rébecca kumpeleka sokoni kwa pikipiki. Akauliza nani atanunua mafuta. Hana imani kabisa.

Ijumaa, 13
Mkutano. Kwa surua, mimi wa kwanza! Nilisimama, nikamshukuru Mungu na wazazi. Daktari akaniambia nikae, bado chanjo. Kumbe na waliochanjwa hugawanywa kwa wakazi walewale! Juzi nilikaribia kumaliza kuchanja, leo sijafika hata nusu. Pikipiki kwa Godelive. Kwangu, masanduku ya chanjo na amri ya kuwatafuta watoto ambao hawapo. Kwa miguu! Godelive alinipita barabarani, akanirushia matope na kupiga honi. Namchukia.

Jumamosi, 14
Foleni mlangoni tangu alfajiri. Mama Monique yuko mbele, anadai turubai lake na la muzee. Rébecca amewaambia niko ndani. Nimetoroka kupitia dirishani.

Jumapili, 15
Nimejificha nyuma ya kanisa, na akili imenirudia. Wanasema Aprili itatolewa pikipiki nyingine. Kosa langu lilikuwa moja tu, watu kuzidi. Kesho nawafuta, nikianza na muzee, hadi wabaki waliochanjwa peke yao. Mia kwa mia! Na surua? Daktari ana kazi nyingi, hatakumbuka kuigawanya tena.